Nilikataa Kahawa ya Mama Zeituna, Nikalifunga Duka Lake la Tiketi

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hujaketi vizuri, kwa sababu najijua: nikianza kuzunguka nitafika Machakos na kurudi bila kulitaja. Nilimwandikia mama mmoja ripoti, na ripoti ile ikafunga duka lake. Tena si mama hivi hivi. Ni mama aliyenifundisha hesabu!

Jina langu usiniulize. Wanaonijua pale Eastleigh wananijua, na wasionijua wabarikiwe sana.

Ngoja nikueleze pole pole, maana jambo hili limenikaa kifuani kama ugali wa juzi.

Mimi ni mtu wa ngumbaru, masomo ya watu wazima. Shule niliiacha nikiwa bado na meno ya utoto, baba yangu mchonga vinyago alipokosa wa kuvinunua. Nikaingia mjini kuvuta mkokoteni. Nimevuta mizigo Eastleigh mpaka nikalijua kila shimo la First Avenue. Kuna shimo moja tumezeeka pamoja. Nikikosa kazi siku mbili, nadhani lenyewe lilikuwa likiulizia niko wapi.

Nilipopita miaka thelathini nikaona haiwezekani kuendelea hivyo. Nikajiandikisha masomo ya jioni nikitafuta cheti cha kidato cha nne. Darasani tulikuwa na askari wawili, mama wa mitumba, na mzee aliyekuwa akisoma na mjukuu wake, na mjukuu ndiye aliyekuwa akimnong'oneza majibu.

Sasa, mkokoteni niliuweka saa kumi, na mwalimu aliingia saa kumi na mbili. Hizo saa mbili ningezimalizia wapi? Nilizimalizia kwenye benchi la Mama Zeituna.

Mama Zeituna alikuwa na kiduka cha kukata tiketi za ndege, ghorofa ya chini ya jengo moja la maduka, ukuta kwa ukuta na Abdi muuza masanduku. Kiduka chenyewe kilikuwa kidogo hivi kwamba ukija na begi, ama uingie wewe ama liingie begi. Ndani kulikuwa na meza, simu mbili, birika la kahawa ya tangawizi na iliki, na benchi la mbao la kutosha watu watatu wembamba.

Aliniita "hooyo". Kwa lugha yao ya Kisomali hilo neno ni "mama", na mama humwita mtoto wake kwa jina hilo hilo, kama kumrudishia mapenzi. Fikiria mimi, jitu la ndevu na misuli, nikiitwa hivyo mbele ya mahamali wenzangu! Walinicheka mwaka mzima. Nikavumilia, kwa sababu kahawa ilikuwa tamu.

Nisikilize vizuri hapa, maana kosa langu lote limelalia hapa.

Nje ya duka aliweka ubao: MOMBASA 3,500. KISUMU 3,500. KARIBU NDANI. Mtaa mzima uliandika hivyo. Mashirika ya ndege yenyewe ndiyo yaliyotangaza hivyo, na ukiandika bei kubwa peke yako, wateja wanakupita wakikutazama kama mgonjwa.

Lakini ukiingia kwa Mama Zeituna ukauliza bei ukiwa umesimama, hakuambii. Hata ungekuwa chifu.

"Kaa kwanza," atasema.

Unakaa. Anakumiminia kahawa. Wewe ukipuliza, yeye anauliza: una sanduku? La kilo ngapi? Unarudi au unaenda tu? Kuna mtoto? Anapiga simu kujua bei ya siku hiyo, anaongeza kodi, anaongeza ada ya uwanja, anaongeza mzigo, anaongeza na chake yeye, akikitaja bila haya. Halafu anaweka kalamu chini.

"Elfu saba mia mbili. Jumla. Hakuna kingine mbele wala nyuma. Sema na wewe."

Unasema: elfu saba mia mbili.

"Tena."

Unasema tena.

"Ya tatu."

Na ya tatu mara nyingi ulisaidiwa na Abdi kutoka upande wa pili, kwa sababu ule ukuta ulikuwa wa plaiwudi na yeye hakuwa mtu wa kunyamaza. "Elfu saba mia mbili!" anapaza sauti katikati ya masanduku yake. "Mimi ni shahidi!"

Hapo ndipo tiketi ilipokatwa. Si kabla.

"Mtu akishaitamka bei kwa mdomo wake," Mama Zeituna aliniambia siku moja, "hawezi kufika uwanja wa ndege aanze kulia kwamba hakujua. Mimi sitaki mtu alie kwa ajili yangu, hooyo."

Asilimia nilizijulia pale pale. Mwalimu alikuwa amejaribu kunifundisha kwa maembe na machungwa, nikashindwa. Mama Zeituna akanipa tiketi: hii nauli, hii kodi, toa, ongeza, jumla ngapi? Nikakosea mara elfu. Siku nilipopata jibu la kwanza, Abdi alipiga makofi kwa plaiwudi mpaka mfuniko wa birika ukaanguka. Nilifaulu mtihani. Hesabu ndiyo iliyonivusha. Haki ya Mungu, cheti changu kina harufu ya iliki mpaka leo.

Basi nikapata kazi. Wueh!

Serikali ilikuwa imechoka na matangazo ya ndege ya kudanganya watu. Unaona bei kwenye bango unaruka kwa furaha, ukifika kulipa bei imezaa mapacha. Kwa hivyo kanuni ikaanza kukazwa: anayetangaza tiketi aonyeshe bei yote, kodi na kila kitu, mara moja. Kanuni nzuri! Hata leo nikiwa na uchungu wangu nasema ni nzuri. Ofisi husika ikatafuta wakaguzi wasaidizi wa kandarasi ya miezi sita, wenye cheti cha kidato cha nne na miguu mizuri. Cheti ninacho. Miguu, niulize First Avenue.

Nikapewa beji kubwa kama sinia, jaketi la kung'aa, na fomu. Siku ya kwanza nilivaa jaketi hilo nikiwa nyumbani, nikaoga nikalivaa tena. Njiru yote, mtaa ninakoishi, ilinijua. Nadhani hata ndege za angani zilikuwa zikiniona zikiwa Mombasa.

Madaraka ni ugonjwa, ndugu zangu. Jioni moja nikasimama kwa mama chapati wa karibu na ploti yetu.

"Chapati ngapi?" akauliza.

"Kwanza, bei."

"Ishirini. Si unanunua hapa kila siku?"

"Ishirini ni bei kamili? Kodi imo? Karatasi ya kufungia imo?"

Akanitazama, akageuza chapati yake. "Vyote vimo," akasema. "Hata kofi limo, ukitaka tukuwekee."

Foleni ikacheka. Ningekuwa na akili ningevua lile jaketi siku ile ile.

Bosi wetu tulimwita Mratibu. Mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, zote za rangi moja. Alitupa masharti mawili: usile wala kunywa chochote katika duka unalokagua, hata maji. Na kila mkaguzi alete maduka kumi yenye makosa kila wiki ifikapo Ijumaa mchana.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa bango la shirika moja kubwa la ndege, juu kabisa, barabara ya Jogoo. Bango lenyewe lingeweza kuezeka shule. MOMBASA ELFU TATU TU! Na kando ya hiyo "tu" kulikuwa na kinyota, na chini kabisa, pembeni, maandishi ya ukubwa wa mayai ya chawa.

Nikapanda daraja la wapita njia. Nikakunja macho. Nikapiga picha, nikaikuza mpaka simu ikapata joto. Nikaona neno "kodi" na neno "havijajumuishwa", basi. Wa kusoma yaliyobaki ni wale makorongo wanaoketi juu ya miti wakitunyea magari, na hao hawasafiri kwa tiketi.

Nikapeleka kesi yangu kwa Mratibu nikiwa nimevimba kama andazi.

"Maelezo ya kodi yapo au hayapo?" akauliza.

"Yapo bosi, lakini..."

"Fomu ina lakini?"

Nikaitazama fomu. Haikuwa na lakini.

"Andika yapo," akasema. "Isitoshe hao tunazungumza nao kwa barua. Wewe shughulika na vibao vya chini. Vibao vya kufikiwa na mkono."

Umesikia hiyo? Vibao vya kufikiwa na mkono! Basi nikaenda kunyoosha mkono.

Ijumaa moja ikafika saa tano asubuhi nikiwa na maduka tisa. Tisa! Kumi bado. Watu wa Eastleigh si wajinga. Walikuwa wamesikia kuna jaketi la kung'aa linazunguka, wengine wameficha vibao, wengine wamefuta. Na muda si muda watu wangefunga kwenda swala ya Ijumaa, na Mratibu alikuwa ameshasema mkaguzi wa tisa hana kandarasi ya pili.

Miguu yangu ikanipeleka kule ilikozoea. Sitaki kusema ilinipeleka yenyewe. Niliipeleka mimi.

Ubao ulikuwa pale pale. MOMBASA 3,500. KARIBU NDANI. Yeye alikuwa mezani. Aliponiona, alisimama. Mama wa watu alisimama!

"Hooyo! Umekuwa mkubwa! Hebu geuka nikuone hilo koti. Abdi! Njoo umwone mtoto wetu, amekuwa serikali!"

"Nimemwona tangu jana kwa kona," Abdi akajibu nyuma ya plaiwudi. "Anang'aa kama kituo cha mafuta."

"Mama," nikasema, sauti yangu ikijifanya nene, "kwenda Mombasa ni pesa ngapi?"

Akacheka. "Unaenda Mombasa? Kaa kwanza. Kahawa iko motoni, dakika mbili."

"Siwezi kunywa, mama. Sheria ya kazi."

"Basi usinywe. Kaa tu nikuulize mzigo."

"Nina haraka."

"Hooyo, bei husemwa mtu akiwa ameketi. Wewe hujui?"

Nilijua. Nani angejua kuliko mimi? Nilikuwa nimelikalia lile benchi mpaka likachukua umbo langu. Nilijua kwamba dakika mbili zikipita angeweka kalamu chini aseme jumla, kodi na kila kitu, na angenilazimisha niirudie mara tatu. Na nilijua jambo jingine: fomu ilikuwa na swali la tatu, "Je, mkaguzi aliambiwa bei kamili kabla ya kuondoka?" Ukijibu ndiyo, duka linapewa ushauri tu kuhusu ubao wake, na halihesabiwi kwenye kumi. Ukijibu hapana, linahesabiwa.

Nikatoka.

Nikasimama kando ya duka la manukato nikatia alama: Hapana. Na ujue, sikudanganya! Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Sikuambiwa bei kamili kabla ya kuondoka. Kila neno la fomu ile lilikuwa kweli, na fomu nzima ilikuwa uongo mtupu.

Nilijiliwaza kwamba watamletea barua ya onyo. Barua tu! Nani amewahi kuuawa na barua? Nikaenda zangu, nikalipwa, nikanunua nyama nusu kilo, ikanikwama.

Jumanne asubuhi Mratibu akatuita. "Leo tunafunga," akasema, akinipa ndoo ya gundi na brashi. "Wewe utabandika. Tuna maduka kumi."

Kwa nini sikusema kitu? Mdomo huu huu unaokupigia hadithi, siku ile uligeuka jiwe. Nikabeba ndoo. Mahali pengine nilibandika bila kutazama watu. Tulipofika kwa Mama Zeituna, mlango wa tisa au wa kumi sijui, ndani kulikuwa na mteja.

Alikuwa mzee mmoja dereva mstaafu, mtu wa kwetu Ukambani, miwani imening'inia kwa kamba ya kiatu. Kikombe cha kahawa mkononi. Ameketi palipokuwa pangu.

"Toka mzee," Mratibu akamwambia. "Duka hili limefungwa kwa kutotaja bei kamili."

Mzee akanywa funda moja kwanza. "Nani hajataja?"

"Huyu."

"Huyu ameniambia elfu saba mia mbili, na sanduku la mke wangu ndani. Nimeshasema mara mbili. Niachie niseme ya tatu nimalize."

"Mzee, umedanganywa."

"Mimi? Nidanganywe na mtu anayenifanya nirudie bei kama mtoto wa nasari? Kijana, mimi nimeendesha lori miaka arobaini, wanaonidanganya huwa wana haraka ya kunitoa."

Watu wakaanza kukusanyika. Mratibu akaniashiria nibandike. Nikapaka gundi. Nilipaka mlango, nikapaka bawaba, nikapaka na kiatu cha Abdi aliyekuwa amekuja kusimama karibu. Abdi hakusema neno. Abdi, kunyamaza! Hapo nikajua nimeua.

Nikaiweka karatasi. Mama Zeituna alikuwa ametoka, amesimama nyuma yangu na birika lake.

"Hooyo," akasema kwa upole, kama siku zile za asilimia. "Imeenda upande."

Akaweka birika chini, akanyoosha mkono juu ya bega langu, akainyoosha karatasi ile kwa vidole vyake mwenyewe mpaka ikakaa sawa. Ilani ya kufunga duka lake! Aliinyoosha ili kazi yangu isionekane mbaya.

Laiti ningepigwa. Laiti ningetupiwa ile kahawa usoni ikiwa inachemka!

Lakini yule mzee alikuwa amevaa miwani. Akasogea mlangoni, pua karibu iguse gundi, akaanza kusoma kwa sauti ya dereva wa lori.

"Ada ya kufunguliwa, shilingi elfu kumi." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Na hii nyota hapa ni ya nini?"

"Hayo ni maelezo," Mratibu akasema.

"Wacha nisome maelezo. Ai, hii imeandikwa na siafu? 'Haijumuishi ada ya ukaguzi upya, ada ya kufungua faili, na tozo nyinginezo.'" Akavua miwani. "Kwa hivyo ni ngapi?"

"Atajulishwa akifika ofisini."

"Hapana, sema sasa. Elfu kumi na nini? Sema jumla. Halafu urudie mara tatu."

Jengo lote lilicheka! Wauza soksi walicheka, wabeba mizigo walicheka, mama mmoja alikalia gunia lake la vitambaa ili acheke vizuri. Mratibu akakohoa, akakusanya kalamu zake tatu, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kitu garini. Mimi nikabaki na ndoo.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa akifunga meza yake.

Sasa utasema, basi ulifanya nini? Nilifanya kitu cha ushujaa wa bei rahisi. Nilirudi ofisini nikachukua fomu mpya, nikaijaza. Jina la biashara inayokaguliwa: ofisi yetu wenyewe. Tangazo: ilani ya kufunga duka. Swali la tatu: bei kamili ilitajwa? Hapana. Nikaiweka juu ya meza ya Mratibu.

Aliisoma mara mbili. "Unajua umeandika nini?"

"Fomu haina lakini, bosi."

Mwezi ule ule barua yangu ya kuachishwa ikaja. Ilikuwa fupi, bei yake kamili, bila nyota hata moja. Hiyo wanaweza!

Nikajiona shujaa kwa siku kama mbili. Njiru nzima nikawasimulia. Lakini ushujaa wangu haukung'oa karatasi mlangoni. Mama Zeituna alizunguka ofisi hadi ofisi miezi miwili, kila dirisha likimpa ada ambayo dirisha lililotangulia halikuitaja. Likizo ya shule ikaja, ile ambayo watu wote huruka kwenda pwani, ikapita. Mwenye jengo hakungoja. Kile chumba akampa kijana wa vifuniko vya simu.

Na mimi? Nilimkimbia. Hata soksi sikununua Eastleigh. Nilienda Kariokor, kule ambako ukitafuta soksi unauziwa akala, viatu vya tairi. Nina jozi nne za akala sasa. Miguu miwili!

Ni Abdi aliyenikamata. Tulikutana kwa kituo cha Njiru, akiwa amekuja kumwona mteja. Nilitaka kujificha nyuma ya akina mama wa sukuma wiki.

"Usijifiche, mtu mkubwa kama kabati," akasema. "Njoo umwone. Hajakufa."

Nikaenda. Alikuwa amepewa kona katikati ya masanduku ya Abdi. Meza ndogo, simu moja. Ubao mpya: MOMBASA 7,200. KILA KITU NDANI. Herufi kubwa, safi, kanuni imetimizwa kabisa, ungeweza kuifundishia. Benchi halikuwepo. Hakukuwa na nafasi. Birika lilikuwa chini ya meza, limefunikwa kwa kitambaa.

Nilisimama pale dakika kama kumi nikitazama. Watu walipita, wakasoma, wakaendelea. Mmoja aliuliza, akajibiwa, akaondoka. Hakuna aliyeketi. Hakuna aliyerudia chochote.

Aliinua macho.

"Bwana Mkaguzi," akasema. "Karibu. Bei iko ubaoni. Unaweza kuisoma ukiwa umesimama."

Bwana Mkaguzi! Lile neno la hooyo nililolionea aibu mwaka mzima, siku ile ningelinunua kwa mshahara wangu wote.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nini?"

"Fomu ile haikuwa na nafasi ya kueleza kuhusu kahawa."

"Hiyo ni ya ubao," akasema. "Ongeza."

Sikuelewa. Akachukua kalamu, akaishika kama zamani.

"Hiyo ni nauli tu. Kodi iko wapi?"

"Mratibu alitaka maduka kumi. Nilikuwa na tisa."

"Mzigo?"

"Nilitaka kandarasi ya pili."

"Bado," akasema. "Jumla, bwana. Mimi nimekufundisha kujumlisha."

Nyuma yetu Abdi alikuwa anafuta sanduku moja lile lile kwa muda mrefu sana.

Nikasema. Nilijua kahawa inakuja. Nilijua ikija bei inakuja nayo. Nikatoka kabla haijamiminwa.

Akaweka kalamu chini.

"Tena."

Nikasema tena, na machozi yananitoka mimi mwanaume mzima, kando ya masanduku ya magurudumu. Nikangoja aniambie ya tatu.

Akatikisa kichwa: "Ya tatu usinipe mimi, nimesikia. Wape waliosoma ile karatasi mlangoni kwangu wakaamini mimi ni mwizi."

Akamgeukia mteja. Hakuniita hooyo. Hakuniita mkaguzi pia. Na kahawa hakunipa, wala sikuwa na mahali pa kuketi niinywe.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, msomaji nisiyekujua, kwa sababu wale waliopita pale ni wengi na siwezi kugonga milango yote. Na wewe uliyepewa beji jana, iwe ya ndege, ya soko au ya kuhesabu nyumba, nakuonya kama ndugu: ukiona fomu ina jibu la kweli linalokusaidia wewe peke yako, kaa chini kwanza. Kaa! Hata dakika mbili. Usiseme ni sheria, usiseme ni bosi, hizo ni bei za ubaoni. Na ukipita na ndoo yako ya gundi, inua macho uyatazame yale mabango ya juu pia, ambayo mkono haufiki. Bado yapo. Juzi nimeliona lile la Jogoo limepakwa rangi upya, na kinyota chake.

Kama ulisoma ile karatasi, jua kwamba mama yule hajawahi kumficha mtu hata shilingi. Aliyeficha ni mimi.

Sasa sikiliza, hii ndiyo ya tatu. Nilijua kahawa inakuja. Nilijua ikija bei inakuja nayo. Nikatoka kabla haijamiminwa.